Kadi za Ndoo Takatifu

Kicheko kilianzia kijiwe cha bodaboda, kikapita sokoni, na kabla ya adhuhuri kilikuwa kimemfikia Severina dukani kwake pale Ilongero. Kadi za harusi alizozichapa zilisomeka hivi: "Mnakaribishwa kwenye ndoo takatifu ya Edward na Agnes."

Ndoo, badala ya ndoa.

Severina aliisogeza kadi mbali na uso, akaisogeza karibu, mwisho akaketi. Alikuwa amechapa risala na ratiba za ibada za kijiji kizima, na hajawahi kuaibika namna ile.

"Macho yameisha," alimwambia mumewe, Calist. "Bora nifunge duka nikapalilie alizeti."

Hakumwambia kwamba kwa muda mrefu sasa herufi za kwenye kompyuta aliziona kama sisimizi, na kwamba alichapa kwa kukisia kuliko kwa kuona.

Alasiri pikipiki ilisimama mlangoni. Akashuka Agnes, bibi harusi mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuharibia. Hata sijui nianzie wapi..."

"Mama, kule ofisini kwetu Singida wamecheka mpaka machozi. Bosi ameuliza kama aje na kata ya kuchotea maji." Agnes alitaka kuendelea, akashindwa, akaangua kicheko. Severina naye, aibu yote ile, akajikuta anacheka huku ameshika mbavu. "Haya, washa mashine tuchape upya."

Laptopu ikawashwa. Wakasubiri. Agnes akauliza habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe. Kwenye skrini kaduara kalikuwa bado kanazunguka.

"Huwa inachelewa hivi?"

"Leo ina haraka. Kila asubuhi naiwasha, nafagia uwanja, nachemsha chai, nikirudi ndiyo kwanza inapiga miayo."

Ilipofunguka, Agnes alimwonyesha orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Kulikuwa na ya muziki aliyoiweka Mathayo, mwanawe, akiwa likizo, ya karata, na ya printa iliyokufa zamani.

"Ukiiwasha tu, wote hawa wanaamka nayo na kugombania mlango. Hatuwafuti. Tunawaambia walale mpaka waitwe. Shika kipanya, mama, uzime mwenyewe."

Severina akazima moja baada ya nyingine, kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Alipofika kwenye ile ya kukinga virusi, Agnes akamzuia. "Huyo mwache, ni mlinzi."

Kisha wakaingia kwenye mipangilio ya skrini. Mwanga ulikuwa umeshushwa karibu na mwisho, Severina akaupandisha. Palipoandikwa ukubwa wa maandishi, akachagua asilimia mia na hamsini. Skrini ikameta, herufi zikanenepa, nyeusi tii.

Severina akasoma mstari wa kwanza, kisha wa pili, bila kukunja uso.

"Vitu hivi vilikuwa humu siku zote?"

"Siku zote, mama. Ila macho nayo kapime hospitali, usiache."

"Nitakwenda. Lakini leo acha nisome kwanza!"

Wakaizima na kuiwasha tena. Severina alikuwa ameinuka kufuata ufagio kwa mazoea. Hajafika mlangoni, mashine ikalia kwamba iko tayari. Alipiga kigelegele mpaka Calist akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba. Kadi mpya zikatoka, na kila moja aliisoma kwa sauti kabla ya kumkabidhi Agnes.

Wiki iliyofuata mzee Chediel alikuja kuandikiwa barua kwa wakwe zake kuhusu mbuzi wa mahari. Hawajafika katikati, mwanamke aliyekuwa akipita barabarani akasimama na kuita, "Mzee, mbuzi sita ni wachache!"

Severina akageuka. Kutoka barabarani herufi zile nene za kwenye skrini zote zilikuwa zinasomeka. Akacheka, akaomba radhi, kisha yeye na Chediel wakashika meza huku na huku, wakaigeuza ili skrini iangalie ukutani.