Swali la Naviundu

Mwaka wa kwanza wa ubunge wake, Virginie Kasonde alirudi Lubumbashi wakati wa likizo ya Bunge akiwa na vikwembe mia mbili, vitenge vya kujifunga, vya kuwagawia akina mama wa mtaa wa Naviundu. Ndivyo walivyofanya waliomtangulia, na yeye, mwalimu wa zamani aliyekuwa bado anashangaa kuitwa Honorable, hakujua njia nyingine ya kuwashukuru kwa kura zao.

Mwanamke mmoja alikataa chake. Alikuwa Mama Perpétue, mkunga wa zahanati ya ng'ambo ya mto, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza.

"Aksanti, Honorable, lakini vikwembe niko nazo. Kuya tutembee weye na miye."

Wakateremka hadi mtoni. Mvua za Februari zilikuwa zimelichukua daraja la magogo, na maji yalipita mekundu yakivuma. Perpétue alikunja sketi, akaingia. Virginie, kwa haya zaidi kuliko ushujaa, akavua viatu akamfuata. Katikati mguu ukateleza. Maji yakamfika kifuani, akajua kwamba sasa anakwenda na maji. Mkono wa mkunga ukamdaka kwapani, ukamvuta mpaka ukingoni.

Virginie alikaa kwenye matope akikamua nguo. "Weye unapitaka hapa kila siku?"

"Kila siku. Na benye mimba banapitaka vilevile. Juma ilipita, Jemima alizalia hapa hapa, mu majani. Mutoto iko muzima. Ni Mungu tu."

Mwezi wa nne, Kinshasa, Virginie alimwuliza waziri wa ujenzi swali la mdomo kuhusu daraja, mbele ya Bunge zima. Waziri akajibu kwa Kifaransa laini kwamba faili linachunguzwa. Virginie alikuwa na dakika tatu za kumjibu, na karatasi aliyoandikiwa na msaidizi wake Gauthier, maneno mazuri yasiyo na maji wala matope. Aliitazama, akaikunja, akasema kwa Kiswahili cha nyumbani:

"Bwana Waziri, miye niliingia mu ile mayi. Ilinifika hapa." Akagusa kifua. "Mama moja alinivuta, njo maana niko nasimama mbele yenu. Ule mama, siku atateleza, nani atamuvuta?"

Upande mmoja wakacheka lugha yake. Lakini mbunge mmoja wa jimbo la Équateur, asiyeelewa Kiswahili, akamwomba jirani amtafsirie. Alipoelewa alianza kupiga meza, na wengine wakafuata.

Waziri hakuahidi kitu siku ile. Virginie akamfuata ofisini mara nne, mara ya mwisho akamnasa kwenye ngazi. Mwezi wa saba mafundi wakafika. Yeye aliomba daraja la magari. Lililojengwa lilikuwa la chuma, jembamba, la watu na pikipiki. Siku ya kulifungua, mwezi wa kumi, aliona haya kidogo huku wakubwa wakihutubu na akina mama wakiimba. Alitafuta uso wa Perpétue kati yao, hakuuona.

Basi akaziacha hotuba, akavuka kwa miguu, polepole, mkono juu ya chuma. Alimkuta nje ya zahanati akinawa mikono.

"Unisamehe, Honorable. Mutoto alikataa kungojea hotuba."

"Na mama yake alipitia wapi?"

"Ku daraja, juu ya pikipiki. Alifika na viatu vikavu." Akaushika mkono wa Virginie kwa mikono yake miwili iliyolowa. "Aksanti, mwanangu. Aksanti mingi."

"Hapana, Mama. Aksanti iko yako. Bila weye, mwaka huu bale bamama bangeimba ku kilio ya kunizika."

Perpétue akacheka huku akijifuta macho kwa bega, akasukuma mlango. Ndani, msichana mchovu alikuwa amelala ubavu, na kando yake kitu kidogo chekundu kikipiga kelele kwa nguvu zote. Virginie akaomba kukibeba. Ng'ambo, wakubwa walimtafuta nusu saa nzima.