Mshumaa Usiowashwa Beaune

Anselme Perrotin hakuwa na mke, hakuwa na gari, hakuwa na cheti cha shule, na upande wa kushoto hakuwa na jino la kutafunia nyama. Alichokuwa nacho ni kazi ya kuwatembeza wageni mjini Beaune, na hakuwa tayari kuipoteza.

Asubuhi moja ya mavuno aliwaonyesha wageni wanane mapaa ya vigae vya rangi, akawapitisha kwenye mizabibu, akawafikisha kwa Bi Odile, ambaye zabibu zake zilikuwa zikichachuka kuwa mvinyo katika ghala la chini ya ardhi. Mlangoni akatoa mshumaa.

"Vipi mzee, umeme umekatika?" Gaston, muuza matairi kutoka Lille, akamchokoza. "Au kuna maiti ya kuombewa humu?"

Wageni wakaangua kicheko. Anselme akaona haya. Akaurudisha mshumaa mfukoni, akawasha tochi. Na kila mtu wa Beaune anajua: zabibu zikichachuka hutoa hewa nzito isiyoonekana, yenye kuua, ambayo hutuama sakafuni, na mshumaa ukizimika, hushuki.

Huguette, mke wa Gaston, alitangulia. Alipofika chini akainama kufunga kamba ya kiatu. Hakuinuka.

"Huguette? Acha mchezo, mama!" Gaston akaita.

Anselme akapaza sauti: "Asishuke mtu!" Akavuta pumzi, akaibana, akateremka. Akamshika makwapani, akamburuta ngazi moja, ya pili, ya tatu. Kifua kiliwaka moto, macho yakaanza kuingia giza. Gaston akamdaka kola, akawavuta wote wawili.

Uani, Huguette alilala kimya, midomo ya buluu. Anselme alimwita, akampigapiga mashavu, akamwita tena. Mwishowe Huguette akakohoa.

Bi Odile akamvuta Anselme pembeni. "Mshumaa ulizimika?"

"Sikuuwasha."

"Mungu wangu! Basi funga mdomo. Hawa watadhani ni joto tu."

Kweli, Gaston akaja akamkumbatia Anselme na kumwita shujaa, machozi yakimtoka. Hapo ndipo Anselme alipoogopa kupita alivyoogopa kule chini. Kesho yake kulikuwa na kundi jingine, na wa kumcheka hakosekani.

Alasiri aliiandikia ofisi iliyomwajiri: "Niliwashusha bila mshumaa kwa kuogopa kuchekwa. Mama mmoja nusura afe. Nifukuzeni mkitaka, lakini atakayeshika kazi hii baada yangu mwambieni awashe mshumaa hata akichekwa."

Akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaitumbukiza katika sanduku la posta.