Sita ya Kijani

Barua ya mwalimu mkuu ilikuwa fupi na kavu: mtoto asipoingia darasani kufikia Jumatatu, nafasi yake atapewa mwingine. Fundi cherehani aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye droo ya mikasi. Alikuwa amekasirika, na yule mama akikasirika hulala na jambo na kuamka nalo.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na moja. Walimwita Nukta, kwa sababu akisema jambo, amelimaliza. Wiki mbili sasa alikuwa akifika mlangoni pa darasa la sita, anaziba macho, anapiga kelele, kisha anakaa chini palepale kwenye korido. Walimu walisema ni jeuri. Majirani walisema amedekezwa, na majirani wenyewe hata paka hawajawahi kumlea wakamaliza naye mwezi. Daktari alishasema tangu zamani kwamba Nukta ana usonji, sawa, lakini mbona mlango wa darasa la tano aliupita mwaka mzima bila neno?

Jumatano fundi alifungua daftari la vipimo ambalo Nukta humsaidia kulijaza. Ukurasa wa mteja wa mwisho haukuwa na namba hata moja. Kiuno, nyonga, mabega, kote vilikuwa vimeshonewa vipande vya uzi.

"Nukta, kiuno cha mama yule ni ngapi?"

"Si nimeandika hapo."

"Hapa naona uzi wa zambarau na wa kijani."

"Penseli iliisha. Themanini na sita."

Mteja alipopita jioni, fundi alimpima upya huku akisingizia kwamba watu hunenepa. Themanini na sita. Nyonga na mabega, Nukta aliyasoma kwenye nyuzi, kila namba na rangi yake, nayo yakawa sawa. Alikaa kitini, akamvuta binti yake karibu.

"Na pale mlangoni pa darasa, ile namba sita ina rangi gani?"

"Wameipaka nyekundu likizo. Nyekundu ni tano. Mlango unasema uongo, mama."

Fundi aliona aibu. Mara mbili alikuwa amemkokota kwa mkono hadi kwenye mlango ule.

Kesho yake walikuwa kwa daktari. Alimuuliza Nukta namba kwa kuzichanganya, akamwonyesha nyuzi, na baada ya saa nzima akamuuliza tena kwa kumtegea. Hakuteleza hata mara moja.

"Hali hii inaitwa sinesthesia," daktari alisema. "Kwake namba inakuja na rangi yake. Wino mweusi anauvumilia, lakini rangi ya namba nyingine inamvuruga. Watafiti wameiona zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, ingawa si kwa wote. Kwa nini hasa, bado hatujui."

"Mtakapojua mtaniambia. Kwa leo niandikie barua."

Mwalimu mkuu aliisoma barua hiyo huku chai yake ikipoa. "Mama, shule haiwezi kupaka upya namba ya mlango kwa ajili ya mtoto mmoja."

"Sijaiomba shule ipake. Nimeomba ruhusa. Nitapaka mwenyewe."

Alisimama mbele ya meza bila kuonyesha dalili ya kuondoka. Mwalimu mkuu aliitazama chai, akamtazama yeye, akatoa ruhusa.

Jumamosi fundi alifika na kopo la rangi ya kijani. Nukta alibaki mwisho wa korido, akichungulia kati ya vidole.

"Hiyo ni tisa."

Fundi aliifuta, akaongeza njano.

"Hiyo ni tisa inayoumwa."

Aliifuta tena. Safari hii alitoa uzi wa kijani mfukoni, akawa anachanganya rangi kidogo kidogo na kuulaza uzi juu yake, kama anavyolinganisha uzi na kitambaa. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, hakuinuka. Mwishowe aliulaza uzi kwenye rangi na hakuuona tena.

Jumatatu Nukta alisimama mbele ya mlango akiwa na begi mgongoni. Mwalimu mkuu alikuwepo, saa mkononi.

"Sita," Nukta alisema, akaingia, akaketi.

Mwalimu mkuu alikohoa kidogo. "Na mwakani, darasa la saba?"

"Saba ni ya kahawia," fundi alisema, akifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Uzi wake ninao."