Rangi ya Mia Mbili na Moja

Jumanne saa nne asubuhi, msichana wa zamu, ambaye kwa sababu ya miwani yake wenzake walimwita Macho Manne, alikuwa akitazama mji kwenye skrini. Kamera ya juu ya mnara ilipasua mwanga vipande mia mbili, na kila kitu kilijitaja kwa rangi yake hata kikiwa umbali wa kilomita tisa: majani kijani, chuma bluu, watu kahawia, baruti nyekundu. Hakuna aliyewahi kuidanganya.

Siku hiyo ikatokea rangi ya mia mbili na moja, kama maziwa yaliyoungua. Ilimfunika mwanamke aliyekuwa akianika nguo. Askari walitumwa, wakarudi na taarifa ya mstari mmoja: hana kitu, ana hofu tu.

"Asiye na hatia aogope nini?" mkuu wa zamu akasema, akaiandika hofu kwenye orodha, chini ya baruti.

Fundi akaja, akapima, akasema mashine ni nzima, akanywa chai, akaenda zake.

Tangu hapo magari yalitoka kila siku kuwachukua wenye rangi hiyo. Waliobaki wakaogopa magari, rangi ikaenea mtaa hadi mtaa. Mkuu wa zamu akaomba magari zaidi, akapewa.

Ijumaa dada yake Macho Manne alimfuata nyumbani.

"Mdogo wangu, shemeji yako hana raha. Gari likipita tu, kijiko kinamdondoka. Nakuomba, usitutazame."

"Dada, tunakaa wawili wawili. Ninachokiona mimi, mwenzangu anakiona."

"Sasa yeye afanye nini?"

"Asiogope."

"Haya," dada akasema. "Nitamwambia."

Jumatatu kamera ilipogeukia upande ule, shemeji alikuwa uani akichomelea geti. Geti lilikuwa bluu. Yeye alikuwa rangi ya maziwa yaliyoungua, toka utosini hadi kwenye kandambili. Akainua kinyago, akatazama mnara ulipo.

Mwenzake akageuza shingo. "Huyo umemwona?"

"Nimemwona."

Macho Manne akabonyeza kitufe cha kuita gari. Gari lilichukua dakika kumi na mbili kufika, na muda wote huo shemeji aliendelea kuchomelea.

Jioni Macho Manne alikwenda kwa dada yake. Watoto wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka, migongo imenyooka kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Dada hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Ulikuwa zamu?"

"Nilikuwa."

"Wanangu wana rangi gani?"

"Mpaka natoka kazini, kahawia."

"Na mimi?"

Macho Manne akatazama sakafu.

"Sawa," dada akasema, akawageukia watoto. "Tuanze tena. Gari likipita tunafanya nini?"

"Tunatabasamu."

"Na likisimama?"

Mdogo akamtazama mkubwa. "Tunatabasamu zaidi."

"Mpisheni mama mdogo, naye akae."

Macho Manne akavua viatu, akakaa kati yao. Nje, injini ikasikika kwenye kona, ikapunguza mwendo. Mikono ya watoto ilikuwa baridi kama bomba la maji. Wote wanne wakageukia dirisha, wakatabasamu.