Nduru ya Othieno

Bendi yenyewe iliitwa Mtarimbo, na kama hujawahi kuisikia usijilaumu, maana hata Tiira ilikozaliwa watu waliisikia kwa kulazimishwa. Walikuwa watatu: Othieno mwenye sauti, Ekaju mwenye gitaa na Loy mwenye ngoma. Muziki wao ulikuwa wa gitaa zito linalokwenda mbio na kukatika ghafla, na juu yake mtu anapiga mayowe kama aliyemwagiwa uji wa moto. Ekaju alisema kwamba ng'ambo muziki huo una jina, tena refu. Pale Tiira uliitwa kelele.

Mwaka 2010 walivuka mpaka wakarekodi nyimbo tisa kwa Bartholomew, mwenye studio Busia upande wa Kenya, mtu aliyezoea kwaya na matangazo ya harusi. Wakatoa nakala thelathini za CD. Mnunuzi wa kwanza aliirudisha kesho yake akidai imeharibika. Wa pili naye vilevile. Albamu ikalala, na mwaka uliofuata Othieno akafa, bendi ikafa naye.

Sasa Loy ana miaka arobaini na mmoja na duka la sabuni na mikate Rubongi, karibu na kambi ya jeshi. Hapigi ngoma tena, hata meza haigusi kwa vidole. Mwaka huu, mwezi wa pili, Bartholomew alimpigia simu.

"Loy, kuna watu wa Nairobi wameskia ile albamu yenu. Wanasema mlikuwa mbele ya wakati. Wanataka kuitoa kwa santuri, zile kubwa nyeusi."

"Miaka kumi na tano, Bartholomew."

"Kawia ufike, dada."

Sharti lilikuwa moja: kila mwanabendi atie sahihi, na kwa aliyefariki atie mzazi wake. Ekaju alitia siku hiyohiyo bila kusoma. Iliyobaki ilikuwa ya Akumu, mama yake Othieno, na aliyepaswa kwenda kuiomba ni Loy. Aliitaka albamu ile itoke kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, kwa sababu duniani hapakuwa na mahali pengine sauti ya Othieno ilipobaki. Lakini kwa Akumu hakuwa amekanyaga tangu matanga, na hakukanyaga kwa sababu aliona haya.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijijini huko nduru ni sheria. Ukiisikia unatupa jembe, unashika panga au rungu, unakimbilia inakolia, na asiyekwenda ataulizwa kwa nini. Sasa hawa Mtarimbo walifanyia mazoezi uani kwa Akumu. Siku ya kwanza Othieno alipofungua kinywa walifika watu arobaini na silaha zao. Wakaambiwa ni wimbo, wakarudi. Siku ya pili wakaja tena, safari hii wamenuna. Siku ya tatu mzee mmoja alijikwaa akikimbia akavunjika mkono, na mkutano ukaitishwa.

Wengi walitaka bendi ipigwe marufuku. Ndipo Loy, msichana wa miaka ishirini na sita asiyejua kunyamaza, aliposimama akawauliza: mtu anayejua kwamba yule ni Othieno tu, ana haja gani ya kukimbia? Mwenyekiti wa kijiji, Engole, aliona hayo ni maneno ya busara. Akaamua mbele ya wote kwamba kuanzia siku hiyo nduru ya Othieno si nduru, kila mtu aendelee na kazi yake. Watu wakapiga makofi wakaenda zao.

Mazoea yana taabu. Othieno alikuwa mchimbaji wa dhahabu, kama nusu ya vijana wa Tiira, na alipenda kujaribu sauti yake shimoni, maana shimo huirudisha. Alasiri moja ya masika ukuta wa shimo ulibomoka naye yumo ndani. Akapiga nduru. Waliisikia wachimbaji wa mashimo ya jirani, waliisikia wanawake waliokuwa wakiosha mchanga. Wakasema, huyo Othieno.

Loy alikuwa miongoni mwa wanawake hao, hatua thelathini tu, na hakuishia kusikia. Aligeuza beseni lake akalipiga kwa vidole kufuatisha, akidhani ni ule wimbo wa sita. Nduru ilipokatika alimalizia mapigo manne yaliyobaki, akainama kuendelea na mchanga wake. Walimfukua Othieno jioni.

Basi Jumamosi moja Loy alikwenda. Alimkuta Akumu anamenya mihogo, akapiga magoti kumsalimia, akaeleza habari ya Nairobi huku ameinamisha macho. Akumu alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu.

"Hiyo karatasi natia kidole," alisema. "Lakini kwanza nasikia. Mimi hiyo nyimbo sijasikia mpaka mwisho hata siku moja."

"Nimekuja nazo kwa simu, Mama."

"Simu ni ya mtu moja. Ekaju alete zile spika kubwa. Hapa nje. Alhamisi saa kumi."

"Saa kumi watu wako kwa mashimo, Mama."

"Ndiyo."

Loy akadhani ni masikio ya uzee, akashukuru kwamba hakufukuzwa.

Alhamisi Ekaju, ambaye siku hizi anatengeneza redio sokoni Busia, alifika na spika mbili zenye urefu wa kifua na jenereta. Uani walikuta viti vya plastiki vya kanisani vimepangwa safu nne.

"Mama, umealika watu?" Loy aliuliza.

"Sijaalika mtu."

"Na viti?"

"Ya watu."

Ekaju alimtazama Loy. Loy akainama kwenye nyaya.

"Tuanze na ya kwanza?" Ekaju aliuliza.

"Weka ya sita," alisema Akumu.

Habari ya wimbo wa sita Loy aliitaja mara moja tu, matangani, katikati ya kilio, na miaka yote hiyo alijipa moyo kwamba hakuna aliyemsikia.

Gitaa likaingia, ngoma zikaingia, Loy mwenyewe wa zamani anazikimbiza bila huruma. Kisha sauti ya Othieno ikapanda. Ikavuka migomba, ikavuka barabara, ikafika kwenye mashimo.

Wa kwanza kufika walikuwa wachimbaji wawili wenye tope mpaka magotini, mmoja ameshika mtarimbo. Wakafuata wengine kumi. Wakaja wanawake waliotupa mabeseni, wakaja wenye mapanga kutoka mashambani. Uamuzi wa mkutano ule hakuna aliyewahi kuufuta, lakini mwili ukisikia nduru hauulizi kumbukumbu za mkutano. Vijana walitafuta mwizi yuko wapi. Watu wazima walisimama kwenye ua, wakaziona spika, wakaitambua sauti, na silaha zikashuka moja moja. Engole alifika wa mwisho, mzee sasa, anahema juu ya fimbo.

"Kaeni," Akumu aliwaambia.

Wakakaa. Nduru ya mwisho wa wimbo ni ndefu, na hakuna aliyejikuna mpaka ilipokatika. Zikabaki ngoma peke yake, mapigo manne, kisha jenereta tu.

"Akumu, ni nini?" Engole aliuliza. "Tumesikia nduru."

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Ni Othieno," alisema Akumu. "Asante kwa kuja."

Engole akavua kofia yake, akaipakata. Akumu aligeuka kwa Loy, aliyekuwa bado amesimama kando ya spika machozi yanamtoka bila sauti, akagonga kiti kitupu kilichokuwa ubavuni mwake.

"Wewe pia kaa. Siku ya mkutano ulisimama ya kutosha."

Loy akakaa. Akumu akaichukua karatasi mkononi mwake, akachovya kidole kwenye wino, akakibana penye jina la mwanawe. Kisha akamwambia Ekaju aanze sasa na wa kwanza, sauti ileile. Wenye mapanga waliyaweka chini ya viti, na hakuna aliyeondoka mpaka wa tisa.