Nafasi ya Chiriku

Seva ilisema uongo saa nne asubuhi, mbele ya mgeni. Bibi Saa, mtangazaji ambaye hajachelewa hata dakika moja tangu azaliwe, alikuwa katikati ya mahojiano na mkunga mstaafu. Kwenye kioo paliandikwa kwamba zimebaki gigabaiti mia nane. Nafasi ya kumhoji kila mtoto aliyepokelewa na mkunga yule! Ghafla mashine ikagoma: haiwezi kuhifadhi, diski imejaa.

"Fundi Kimya!" Bibi Saa aliingia chumba cha mitambo bila hodi. "Hizo mia nane zako ni za kutumia au za kutazama?"

"Nipe nusu saa, dada."

"Nakupa mpaka saa sita. Mgeni wangu anarudi, na safari hii usinitie aibu."

Fundi Kimya hakuhitaji hata hiyo nusu saa. Alijua, jamani, alijua kabla hajavuta kiti. Stesheni ile ndogo ya redio ilikuwa na diski nne, na yeye ndiye aliyeziunganisha zionekane kama ghala moja. Mtangazaji anahifadhi tu, diski inachaguliwa na programu. Ukiuliza nafasi iliyobaki, programu inajumlisha ya diski zote nne na kukupa namba moja. Tatu zilikuwa zimejaa pomoni. Mia nane yote ilikuwa kwenye diski ya nne, na ya nne aliifunga yeye mwenyewe kwa mkono wake: kusoma ruhusa, kuandika marufuku. Kwa hiyo programu ilikuwa inahesabu nafasi ambamo hakuna mtu angeweza kuweka kitu.

Ilikuwa diski ya mkewe.

Chiriku, ndivyo walivyomwita hapo studioni, maana hakujua kunyamaza. Alikuwa akiwasimulia watoto hadithi ya sungura mmoja, ya vipande ishirini. Alipofika cha kumi na moja, sungura yumo ndani ya mtungi na mdomo wa mtungi umezibwa, yeye akapata kazi kwenye redio ya ng'ambo. Mkataba wa miaka miwili. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akimtazama mumewe, akingoja neno. Na huyu bwana akafanya nini? Akambebea begi! Mwanamume mzima, moyo unamwambia mzuie, mdomo unauliza kama chaja imewekwa. Aliporudi kazini akaifunga ile diski, asije mtu akaijaza. Mkewe akirudi aikute kama alivyoiacha.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Simu zilianza za kila siku, zikawa za kila wiki, na tangu mwaka jana zilikuwa za kuulizana afya tu, tena kwa mkato. Watoto walishaacha kupiga studio kuuliza kama sungura ametoka. Yeye hakuacha. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alifungua kipande cha kumi na moja amsikie mkewe akivuta pumzi kabla ya kuanza. Ile pumzi tu, halafu anazima. Alikuwa na hamu naye mpaka mbavu zinamuuma, na hakumwambia mtu.

Basi, dawa zilikuwa mbili. Aifungue diski, au aiamuru programu isihesabu diski iliyofungwa. Alichagua ya pili, angechagua ipi nyingine? Aliongeza mstari mmoja, akawasha programu upya. Mia nane ikaporomoka hadi sifuri. Namba ilikuwa ya kweli sasa, ila Bibi Saa angemtafuna mbichi.

Apate cha kujitetea, alifungua daftari ambamo seva huandika kila ilichokataa. Rekodi ya mkunga ilikuwemo. Akapanda juu zaidi, mpaka mwaka jana, akaona jambo ambalo hakulitafuta. Folda: CHIRIKU. Faili: sungura, kipande cha kumi na mbili. Mtumaji: mkewe, kwa namba ya siri aliyopewa zamani ya kutuma kazi akiwa nje ya ofisi. Folda yake ilikuwa kwenye diski yake tu, kwa hiyo kila alichotuma kilikwenda kugonga hapo hapo. Imekataliwa, hakuna ruhusa ya kuandika. Mara sita, siku sita mfululizo.

Alimpigia simu papo hapo.

"Leo umenikumbuka?" mkewe aliitikia.

"Ulituma kipande cha kumi na mbili."

Kimya. Loh, Chiriku kukaa kimya!

"Nilituma," akasema mwishowe. "Kikakataliwa. Nikasema labda diski zimejaa, nikatazama, zaidi ya gigabaiti mia nane! Basi nafasi ipo, ni mimi tu sitakiwi. Na fundi hapo ni mmoja. Ningeuliza nini tena?"

"Niliifunga mimi."

"Najua ni wewe!"

"Nilikuwa nakutunzia. Asije mtu akaweka vitu vyake. Nilitaka urudi uikute. Nilitaka usiende, mama. Siku ile mlangoni. Nilitaka kukwambia usiende."

Akaisikia ile pumzi, ile ile ya kila asubuhi, ila safari hii ilikuwa inatetemeka.

"Mwaka mzima nalia," mkewe akasema, "kumbe unanitunzia! Mwanamume wewe, nikufanye nini?"

"Tuma tena."

"Kipi? Nilishavimaliza vyote, mpaka cha ishirini."

"Vyote."

"Sijasema narudi."

"Sijauliza. Wewe tuma."

Akaifungua diski. Seva ikahesabu upya, ikaleta mia nane, na sasa zote zilikuwa za kutumika. Saa sita kamili Bibi Saa alikuwa mlangoni, mkunga nyuma yake. Akainama kwenye kioo.

"Haya, hiyo ndiyo kazi!" Halafu akakunja uso. Namba ilikuwa inashuka, kidogo kidogo, bila kusimama. "Ebo! Mbona inapungua? Hata hatujaanza kurekodi!"

"Iache ipungue, dada," akasema Fundi Kimya, machozi yanamtoka na wala hayafuti. "Mwenyewe anaingiza vitu vyake."