Siku Krosova Ilipoungua

Krosova ya mitambo yetu ya sauti iliungua asubuhi ya harusi ya binti wa kaka yangu, na mimi nikasema wazi kwamba hapo tutafute fundi mwingine. Kinyozi hajinyoi. Baba wa bibi harusi hukaa mbele na suti yake akipokea pongezi, hachuchumai nyuma ya spika na kipande cha waya mdomoni. Kaka akanipungia mkono kama anayefukuza nzi.

"Mtu mwingine ataniharibia siku ya mwanangu," akasema. "Niletee bisibisi."

Watu humwita Besi, na mpaka leo sijaona fundi anayeijua sauti kama yeye. Nilipoachika nikarudi nyumbani, yeye ndiye aliyenitia kwenye kazi hii, na tangu hapo tumefunga mitambo pamoja kwenye kumbi, viwanja na misiba huku tukigombana kutwa. Mkewe alifariki binti akiwa bado ananyonya. Wanawake wote wa ukoo tulijitolea kumchukua mtoto, akakataa. Hata kusuka nywele alijifunza, akawa anamsuka vibaya mno, na mtoto anatoka nje na kichwa juu kama malkia.

Asubuhi hiyo huyo mtoto alinivuta chumbani, upande mmoja wa uso umepakwa poda, mwingine bado.

"Shangazi, leo nitaongea na baba kwenye maiki," akaniambia. "Sijawahi kumwambia asante. Nyumbani nikianza tu, ananigeuzia mgongo. Leo hana pa kukimbilia. Nataka anisikie, basi. Wengine wakisikia, wasisikie, shauri yao."

"Atakusikia," nikamwambia. "Mitambo ni ya kwetu."

Kwa asiyejua, krosova ni kisanduku kinachogawa sauti. Nzito zinakwenda kwenye sabwufa, yale masanduku makubwa ya chini, na nyepesi zinakwenda kwenye spika za juu. Bila hicho kila kitu kinaingia kila mahali, na sauti ya mtu ikiingia kwenye sabwufa inavuma kama anaongea ndani ya pipa. Krosova yetu Besi aliitegesha zamani, kwa sikio lake, akatia alama za rangi ya kucha kwenye kila kifungo na kunikataza nisiguse. Na kweli, miaka yote hiyo hakuna aliyegusa.

Unaweza kufunga sabwufa bila krosova, ila lazima uwe na sikio. Unatoa waya wa pembeni kwenye mikisa, ile meza ya vifungo, unaupeleka kwenye amplifaya ya sabwufa, unakata trebo, yaani zile nyepesi zote. Halafu kila chombo kina kifungo chake cha kukipeleka huko chini. Ngoma unafungua. Gitaa la besi unafungua. Maiki unafunga, na hilo halina mjadala. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Tulianza kufunga, nikaona ameiweka meza ya mikisa pembeni kabisa, ubavuni mwa sabwufa, magoti yake karibu yaguse sanduku. Fundi hukaa walipo wageni ili asikie wanachosikia. Nikamwita nimweleze, nikamwita tena, yeye amenipa mgongo tu.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia alipogeuka. Alinitazama mdomoni, kisha akacheka, kicheko kilichochelewa kidogo. Mimi nikaona ni dharau zake za kawaida.

Wageni walipojaa, mshereheshaji akashika maiki. Ukumbi ukajaa mvumo. Hakuna neno lililotoka kamili, na mjomba wa bwana harusi akaziba masikio waziwazi, bila hata aibu. Nikamkimbilia kaka.

"Maiki umeiingiza kwenye sabwufa. Funga."

"Iko vizuri," akasema, mkono juu ya kifungo. "Usiguse. Leo ndiyo iko vizuri."

Ni kaka yangu mkubwa, na watu walikuwa wanatutazama. Nikarudi nyuma nikiwa nimefura. Nilijiambia kiburi kimempanda kichwani, amezeeka, hataki kurekebishwa na mwanafunzi wake mwenyewe, tena mwanamke.

Kisha bibi harusi akasimama. Wapiga picha wakamzunguka, wageni nao wakainuka na simu zao, na kutoka pale kwenye mikisa hatukumwona tena hata shela. Akaanza kuongea, ikawa mvumo mtupu. Watu wakapiga kelele, "Hatusikii!" Nikasikia akinyamaza, akagonga maiki, akaanza tena kwa sauti inayotetemeka. Hapo nikasema potelea mbali. Kaka alikuwa ameinama, macho ameyafumba, kiganja kimoja kimelala juu ya sanduku la sabwufa. Nikapitisha mkono nyuma yake nikakifunga kile kifungo.

Sauti ya binti ikatoka safi kabisa. "Baba, mimi sikumjua mama," akasema, "lakini sikuwahi kuamka nikakuta nyumba haina mtu wa kuniita." Akasimulia zile nywele, watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Akasema kila akiulizwa amelelewa na nani, anajibu amelelewa na baba na mama, na wote wawili wanavaa viatu vya mtu mmoja. Nikaona nimefanya kazi yangu. Nikamgeukia kaka nimwone atakavyolia.

Alikuwa amefumbua macho, anahangaika, anapapasa nyaya moja moja.

"Mbona amenyamaza?" akaniuliza.

Nikaelewa yote kwa mara moja: simu asizopokea, kunituma kila ukumbi nikasimame nyuma nimpe ishara za mkono, alama za rangi ambazo hazikuhitaji sikio la mtu. Zile sauti nyepesi zilikuwa zimemhama siku nyingi, zikambakia hizi za chini tu. Alikuwa amemwingiza mwanawe mahali pekee ambapo angeweza kumpata, na mimi nimemtoa.

Nikakifungua kifungo. Mvumo ukarudi. Ila binti alikuwa ameshamaliza, maiki ameishika bwana harusi, anawashukuru wajomba zake.

Kaka hakuona kwamba maiki imebadili mkono. Mbele yetu kulikuwa na migongo ya watu tu. Akakirudisha kiganja juu ya sanduku, akafumba macho, na machozi yakaanza kumshuka kwenye mashavu aliyoyanyoa asubuhi ile kwa ajili ya picha. Nilitaka kumwambia.

Maiki iliponyamaza akanigeukia, akaniangalia midomo.

"Amemtaja mama yake?"

"Amemtaja," nikasema, nikitamka polepole.

"Na mimi?"

"Na wewe."

Akatoa leso, akajifuta uso taratibu.

"Nimemsikia," akasema.